Treni ya Tata na Njiapanda ya Kasaji

Mi ni mtu wa hasira, niseme mapema. Nina kibanda sokoni Kolwezi, natengeneza simu na redio, na wateja wangu wanajua: ukiniletea simu isiyotaka kufa wala kupona, nitaitukana kama mtu. Lakini hakuna kifaa kilichowahi kunitoa machozi ya hasira kama njiapanda ya treni ya Tata.

Treni yenyewe ni ya kuchezea, ila usithubutu kumwambia hivyo. Tata, baba yangu, alifanya kazi ya reli mpaka akazeeka nayo. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia: kuvuta mkono wa chuma ili treni ya shaba iingie upande huu, isiingie ule. Mkubwa wake mmoja, mzungu, aliporudi kwao alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni, urefu wake kama kiatu cha mtoto, mabehewa kadhaa, na vipande vya reli vya kuunganisha. Mama alipokuwa hai sanduku lilikaa chini ya kitanda. Mama alipofariki, Tata alilitoa.

Alijenga meza chumba cha mbele, kubwa hata haikuweza kupita mlangoni, akalaza reli juu yake. Mzunguko mkubwa ulikuwa Kolwezi. Kwenye mzunguko huo reli moja ilijitenga, ikaenda mpaka ukutani, na pale ukutani alikata kopo la maziwa ya unga akafanya stesheni: Kasaji. Mama alizaliwa Kasaji na ndiko alikozikwa, alitaka mwenyewe. Treni ya kweli ya kwenda huko inakuja inapotaka. Ile ya mezani ilifika kila jioni, kwa betri ya pikipiki, maana umeme wa mtaa wetu ni wa kuubembeleza. Tata alikuwa anavuta kiti, anaiangalia ikienda, inafika, anairudisha.

Halafu mtaa wetu ukaanza kuchimbwa. Jirani mmoja alikuwa anachimba choo, akakuta jiwe jeusi lenye madoa ya kijani, na sisi wa Kolwezi tukiona jiwe la namna hiyo, la kobalti, hatulali. Ikawa kila ua umefunikwa turubai la rangi ya chungwa, na chini ya turubai shimo. Watu walihama, nyumba zao zikabaki zimepasuka kuta. Mi nilitaka Tata aje kwangu. Nina vyumba viwili tu, lakini viko mahali ambapo hakuna mtu amekuta kitu chochote ardhini, Mungu asifiwe. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa naenda kwake, napika, tunakula, naanza wimbo wangu: Tata, hama. Na yeye anameza ugali wake kana kwamba naongea na sufuria.

Mpaka Jumapili moja akanijibu. Mi ni mtoto wake, lakini nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utoto ananiita mama.

"Mama," akasema, "ile treni inasimamaka mu njiapanda. Siku itafika Kasaji yee peke yake, bila mi kuisukuma na kidole, ile siku nitakufwata kwako."

Nilikaribia kucheka. Nikasema moyoni, basi mzee amekwisha, hapa nimemshika. Mtu anayefungua simu na kuhesabu nywele za waya ndani yake atashindwa na njiapanda ya kuchezea?

Njiapanda ya reli, iwe kubwa au ndogo, ina vyuma viwili vilivyochongoka vinavyosogea kushoto na kulia. Watu wa reli wanaviita sindano. Kwenye treni ya namna ile, umeme unapita ndani ya reli zenyewe, na sindano inapata wake kwa kugusa reli ya pembeni. Basi, kugusa tu. Isipogusa sawasawa, kichwa cha treni kinafika pale kinakata roho. Na vumbi letu unalijua, linaingia hata ndani ya yai. Kwa hiyo nilianza na vumbi. Nilileta spiriti na mswaki wa zamani, nikasugua sindano na reli mpaka zikang'aa, nikapima kwa mita yangu: umeme unapita vizuri. Nikageuka kwa Tata: haya, washa.

Akakataa. Kwenye kazi yake, alisema, njiapanda iliyotengenezwa leo haipitishi treni ya watu leo. Inalala kwanza, ndipo inajaribiwa. Mi naja Jumapili tu, basi ingelala mpaka Jumapili. Nilinung'unika, lakini ningefanya nini, ni njiapanda yake. Jumapili iliyofuata akawasha, treni ikatoka Kolwezi kwa madaha, ikafika kwenye sindano ikafa. Tata alizima betri, akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekwama.

Nikaja na koleo ndogo, nikapinda sindano kidogo ili ibane reli kwa nguvu. Ikalala. Ikafa palepale. Hapo nilishikwa na ile hasira yangu. Nilisema sitategemea tena kugusana, nitaunganisha waya. Nilichukua uzi mwembamba wa waya, nikaulehemu upande mmoja kwenye sindano, upande mwingine kwenye reli, kazi safi ambayo ningeweza kuiweka dirishani kama tangazo. Niliporudi Jumapili, waya ulikuwa umekatika katikati.

Waya haukatiki wenyewe. Nilimgeukia Tata, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kwamba anakata waya wangu kwa makusudi. Kwamba hakuwahi kutaka kuhama, amenifanya mjinga wiki zote hizi, napanda pikipiki juani na vyombo vyangu kwenye mfuko kumbe mzee ananichezea. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, akaniacha nimalize. Nilivyoona hajibu nikazidi kupandwa na hasira, nikawasha kifaa changu cha kulehemu kwenye betri ili niunganishe waya upya.

Ndipo tone la risasi ya kulehemu likaniponyoka. Lilianguka mezani, likaganda, likawa kidonge kidogo, na kile kidonge kikaanza kutembea. Kilipita katikati ya Kolwezi, kikapita chini ya reli, kikaenda mpaka pembeni ya meza kikaanguka chini. Nikatafuta kingine nikakiweka palepale. Kikafuata njia ileile.

Nilipiga magoti nikaangalia chini ya meza. Mguu mmoja, ule wa upande wa Kasaji, ulikuwa unaning'inia. Haukugusa sakafu tena. Meza nzima ilikuwa imejipinda, na njiapanda ilikuwa imelazwa katikati hasa ya mpindo ule, kwa hiyo kila wiki sindano ilivutwa mbali na reli yake kidogo, na waya wangu ulivutwa mpaka ukakatika. Nilifunua mkeka. Simenti ilikuwa na ufa unaotosha kidole. Nikaweka sikio. Ilikuwa mchana mweupe, watoto wanacheza nje, na chini yetu mtu alikuwa anapiga mtaimbo. Alipiga, akapumzika, akapiga.

"Tata," nikasema, bado nikiwa chini, "wako chini yetu."

"Minajua, mama. Tangia mvua ilianza, minabasikia."

"Na unabakia humu?"

Aliangalia ule ufa. Kisha akasema, "Mudogo yako iko pale chini."

Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa Mama, mwanamume mzima mwenye ndevu. Mi nilijua anachimba mgodi mwingine, Musonoi, ndivyo alivyoniambia mara ya mwisho kupokea simu yangu. Kumbe alikuwa ameshuka na wenzake kwenye shimo la ua wa jirani, wakafuata lile jiwe jeusi upande upande, mpaka likawaleta chini ya kitanda cha baba yake.

Tata alinieleza polepole, kama mtu anayefundisha kazi. Wachimbaji wa mtaa wetu wana kawaida yao. Nyumba ikiwa na mtu anayelala ndani, wanaacha nguzo ya udongo chini yake, hawaigusi, hata kama madini yamo humohumo. Hakuna anayetaka kuitwa muuaji wa wazee.

"Lakini nyumba ikibakia tupu," Tata akasema, "banakula na nguzo. Na yee atakuwa mule. Mi nilifanya reli, mama. Minajua kintu gani inabeba ingine."

Roho iliniuma, sina neno lingine. Nilielewa kwa nini alinipa ile ahadi ya treni. Alijua haitapita. Ardhi yenyewe ilikuwa inamsaidia kukataa, bila yeye kugombana na binti yake.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilienda kwenye ua wa jirani, nikakaa kando ya turubai mpaka mdogo wangu akavutwa juu kwa kamba, mweusi wa udongo, macho tu yanaonekana. Nilimtukana mbele ya wenzake. Nilimtajia Mama. Nilimwambia baba yako analala juu ya kichwa chako, huoni haya? Alingoja nimalize, kama Tata anavyongoja. Kisha akaniuliza jambo moja, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, Tata iko mu nyumba?"

"Iko."

"Muambie asitoke kwanza. Tumefika pahali pazuri."

Aliitikia wito wa wenzake, akashika kamba, akashuka. Nilitaka awe mwovu, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa anaongea kama mtu anayemwambia dada yake asizime taa, bado yuko bafuni.

Sasa, fundi ni mtu mgonjwa. Akishajua ugonjwa wa kitu hawezi kukiacha. Jumapili iliyofuata Tata alikwenda misa ya pili, mi nilibaki nyumbani kwake peke yangu, na mikono yangu ikaenda kwenye njiapanda bila kuniuliza. Nilikata kabari ya mti nikaiweka chini ya ule mguu unaoning'inia. Waya niliutupa. Badala yake nilichukua kichuma chembamba cha springi, vile vinavyoshika betri kwenye simu za zamani, nikakilehemu kwenye sindano upande mmoja tu, ule mwingine ukawa unakandamiza reli wenyewe. Reli ikivutwa, kichuma kinaifuata. Nikawasha. Treni ikatoka Kolwezi, ikapita njiapanda bila hata kusita, ikaenda ikasimama mbele ya lile kopo la maziwa.

Niliirudisha, ikaja tena. Nilikaa kwenye kiti cha Tata nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda na sikuwa na mtu wa kumwambia. Tata ni mtu wa neno lake. Angeiona ikifika, angechukua kofia yake siku hiyohiyo, angekuja kwangu, na pale chini wangesikia nyumba imenyamaza.

Nilisikia geti. Nilichana kipande cha karatasi, chembamba kama ukucha, nikakisukuma kati ya kile kichuma na reli. Tata aliingia, akavua kofia, akawasha. Treni ikafika njiapanda ikasimama.

"Inakatala," akasema.

"Inakatala, Tata."

Hakuinama kuangalia. Macho yake bado yalikuwa mazuri ya kuona karatasi, najua, na yeye alijua kwamba najua. Tulikula, akanisindikiza mpaka barabarani.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mi nafika, nasafisha reli kwa spiriti, nakaza kabari, najaribu nikiwa peke yangu na treni inafika Kasaji, kisha naweka karatasi yangu kabla Tata hajarudi. Nilichukia kila Jumapili. Nilikuwa namtoa baba yangu kafara kwa ajili ya mdogo wangu, au nilikuwa namlinda mdogo wangu kwa mwili wa baba yangu, sema unavyotaka. Sokoni nilianza kuwatukana wateja, si simu zao. Usingizi ulinikimbia. Mvua ikinyesha nilikuwa nakaa kitandani nikifikiria ule ufa wa simenti.

Kisha siku moja Tata hakwenda misa, miguu ilimuuma. Tulikuwa wote chumbani. Nilikuwa nimesafisha reli, nimeshika karatasi kiganjani nangoja aangalie pembeni, na yeye akanyoosha mkono akawasha kabla sijaiweka. Treni ikatoka Kolwezi. Nikafikiri, basi, leo imekwisha, leo ataiona ikifika.

Ikafika njiapanda ikafa.

Tata aliniangalia. Nilifungua kiganja nikamwonyesha karatasi. Niliinama chini ya meza: ile kabari niliyokuwa nimeigonga kwa nyundo ilikuwa imelala kando, na mguu ulikuwa juu hewani, mbali zaidi kuliko siku zote. Ufa ulikuwa umetoka chini ya mkeka ukapanda ukutani.

"Tata, tutoke."

"Bapande kwanza," akasema.

Nilikimbia mpaka kwenye turubai, nikawapigia kelele wale wanaovuta kamba kwamba nguzo inaondoka, watoeni watu. Mmoja akasema mama, utulivu, kila siku mnasema hivyo. Nilimshika shati. Nikamwambia mwenye nyumba amekaa mle ndani, amekataa kutoka, na hatatoka mpaka mtu wenu wa mwisho awe juu, mkitaka mje mumwone. Akaja, akachungulia mlangoni. Tata alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza, amevaa kofia, mikono juu ya magoti. Yule kijana aliondoka mbio, na hapo ndipo nilipoona kamba ikifanya kazi. Walipanda mmoja mmoja, wakikohoa. Mdogo wangu alipanda katikati yao. Niliporudi kumwambia Tata kwamba amepanda, akauliza kama na wengine wamepanda. Nikasema bado. Akakaa mpaka wote walipokuwa juu, ndipo akatoka nami.

Nyumba haikuanguka siku ile. Iliteremka wiki hiyohiyo, chumba cha mbele kwanza, na meza na Kolwezi na Kasaji vikaenda nacho. Hakuna aliyeumia. Watu walikuja kumpa Tata pole na pia kumpongeza, na mi nilipika chakula kingi, nikafikiri mdogo wangu ataelewa sasa. Alikula pamoja nasi, alimshika Tata mkono kwa muda mrefu. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameshuka shimo lingine, upande wa pili wa barabara.

Tata anaishi kwangu sasa. Jumapili baada ya misa harudi nami nyumbani. Anarudi mtaa wetu wa zamani, anavuka barabara kwenda upande wa lile shimo jipya, kumsalimia mama mmoja mzee, mjane, ambaye watoto wake wanamwita kila siku ahamie kwao Likasi, na nyumba yake imeanza kupasuka. Anampelekea sukari. Anakaa naye uani, wanaongea mambo ya zamani, na ninajua anachomwomba, ingawa hajaniambia.

Jumapili iliyopita aliniomba nimfuate na vyombo vyangu. Redio ya yule mama imenyamaza, alisema, na mtu mzee bila redio anachoka na nyumba. Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia Tata, yule ni mama wa watu. Nilimwangalia usoni, nikachukua mfuko.

Haukuwa ugonjwa mkubwa. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye swichi, vichuma havikugusana. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki, nikapinda kichuma kimoja kidogo, na redio ikaanza kuimba. Yule mama alipiga makofi, akacheka na meno yake machache.

"Sasa iko inaimba," akamwambia Tata, "mi nitahama juu ya nini?"

Tata alicheka naye. Mi niliinamia redio, nikakaza skrubu zake moja moja, vizuri, ili isiharibike tena upesi.